Mashine ya CT: Jinsi teknolojia moja inavyomhudumia mgonjwa, msafiri na mtalii

MGONJWA anayefikishwa hospitalini baada ya kupoteza ghafla uwezo wa kusema, mumia ya mfalme aliyezikwa nchini Misri zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na mkoba wa msafiri katika uwanja wa ndege ni mambo matatu ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Hata hivyo, swali linaloulizwa mbele ya kila mojawapo ni lile lile: kuna nini ndani, na kitajulikanaje bila kupasua wala kufungua?

Tangu miaka ya 1970, jibu la swali hilo limekuwa likitafutwa kwa chombo cha aina moja, nacho ni mashine ya CT. Herufi hizo mbili ni ufupisho wa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni upigaji picha wa matabaka kwa msaada wa tarakilishi. Chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya ubongo wa binadamu, kikahamia kwenye maiti za kale, kisha kikaingia katika ukaguzi wa mizigo. Kila kilipohamia, kanuni yake haikubadilika. Kilichobadilika ni yule anayeisoma picha na uamuzi anaotakiwa kuufanya.

KASORO YA KIVULI

Mnamo Novemba 8, 1895, mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua katika maabara yake mjini Würzburg miale isiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya nyama kwa urahisi lakini huzuiwa na mfupa. Aliiita miale ya X kwa kuwa asili yake haikujulikana. Ugunduzi huo ulimpa Röntgen tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel katika fani ya fizikia, mwaka 1901.

Miale hiyo haikukawia kuvuka mipaka ya tiba. Katika mwaka wa 1896, Mjerumani mwingine, Walter König, alikuwa tayari amepiga picha za eksirei za mumia ya mtoto na ya paka mjini Frankfurt. Urafiki wa hospitali na makavazi, kwa hivyo, una umri unaokaribia ule wa eksirei yenyewe.

Lakini picha ya kawaida ya eksirei ina kasoro moja kubwa: ni kivuli. Mtu akisimama usiku mbele ya koroboi akiwa amekumbatia sufuria, ukuta ulio nyuma yake utaonyesha kivuli kimoja tu. Anayeutazama ukuta hawezi kujua kama sufuria iko kifuani au mgongoni, wala kama ni sufuria au ni sahani. Ndivyo ilivyo kwa picha ya eksirei. Kila kitu kilicho baina ya chanzo cha miale na filamu hulaliana, na kilicho kigumu hukifunika kilicho laini.

Kasoro hiyo iliwasumbua zaidi madaktari wa ubongo. Ubongo ni laini, na umezungukwa pande zote na mfupa wa fuvu. Uvimbe, usaha au damu iliyovuja ndani yake haikuonekana katika picha ya kawaida. Kwa miongo kadhaa, njia mojawapo iliyotumika ilikuwa kuondoa maji yanayouzunguka ubongo na kuingiza hewa mahali pake ili mipaka yake ionekane. Uchunguzi huo ulikuwa wa maumivu makali, na wagonjwa wengi waliumwa na kichwa na kutapika baadaye.

Ufumbuzi umo katika mfano ule ule wa koroboi. Mwenye sufuria akianza kuzunguka polepole, kivuli chake hubadilika hatua kwa hatua. Mtazamaji mwenye subira, akiviandika vivuli vyote hivyo kimoja baada ya kingine, anaweza hatimaye kukisia umbo la mtu, umbo la sufuria na mahali ilipo. Mwaka 1917 mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alithibitisha kwa hesabu kwamba jambo hilo linawezekana. Hakuwa akifikiria hospitali hata kidogo, na kazi yake ilisahaulika nje ya duru za wanahisabati.

WAWILI WASIOJUANA

Wa kwanza kulirudia tatizo hilo kwa ajili ya tiba alikuwa Mwafrika Kusini. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, alikuwa mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kufanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur, ambako alisimamia matumizi ya mionzi. Aliona kuwa wagonjwa wa saratani walikuwa wakipangiwa kiwango cha miale kana kwamba mwili mzima ni kitu cha aina moja, ilhali mfupa, pafu na misuli huinyonya miale kwa viwango tofauti.

Cormack alianza kutafuta njia ya kupima tofauti hizo kutoka nje ya mwili. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, baada ya kuhamia Marekani. Karibu hakuna aliyejali. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ombi la kuvutia zaidi la nakala za makala yake lilitoka kwa kituo kimoja cha Uswisi kilichochunguza maporomoko ya theluji milimani. Kazi ya Radon hakuijua hadi miaka mingi baadaye.

Wa pili alikuwa Mwingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, iliyojulikana zaidi kwa sahani za muziki. Hounsfield alizaliwa mwaka 1919 na kulelewa shambani. Alijifunza masuala ya rada katika jeshi la wanahewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye akaongoza utengenezaji wa tarakilishi. Mwaka 1967 alijiuliza iwapo mtu anaweza kujua kilichomo ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kuchukua vipimo kutoka kila upande. Hakuwa na habari za Cormack wala za Radon.

Jaribio lake la kwanza alilifanya juu ya kitanda cha mashine kuukuu ya kerezo. Kwa kuwa chanzo cha miale alichokitumia kilikuwa dhaifu, kupima kitu kimoja kulichukua siku tisa na vipimo 28,000, na tarakilishi ikahitaji saa mbili na nusu kuvigeuza kuwa picha. Alipotumia bomba la eksirei, siku tisa zikapungua na kuwa saa tisa.

Mnamo Oktoba 1, 1971, mashine ya kwanza ya hospitali ilitumiwa kumchunguza mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, katika Hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, jijini London. Aliyesimamia uchunguzi huo pamoja na Hounsfield alikuwa Dkt James Ambrose, mtaalamu wa radiolojia. Picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, yaani nukta 6,400, idadi ambayo leo haitoshi hata kwa picha ndogo ya simu. Hata hivyo uvimbe ulionekana wazi, na daktari wa upasuaji aliukuta pale pale ulipoonyeshwa.

Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari, na hakuna aliyekuwa na shahada ya uzamifu.

NAMBA BADALA YA KIVULI

Katika mashine za leo, bomba la eksirei huzunguka ndani ya pete kubwa, mkabala na safu ya vipokezi. Mwili au mzigo hupitishwa katikati ya pete hiyo. Mzunguko mmoja huchukua chini ya sekunde moja, na katika muda huo vipokezi hupima mara nyingi sana kiasi cha miale iliyofaulu kupenya. Tarakilishi huvikokotoa vipimo hivyo na kutoa picha za matabaka, mithili ya vipande vya mkate uliokatwa. Vipande vikipangwa tena, umbo kamili hupatikana na linaweza kugeuzwa na kutazamwa kutoka upande wowote.

Jambo la msingi zaidi ni kwamba kila nukta katika picha hiyo ni namba. Katika kipimo kilichopewa jina la Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni kasoro 1,000. Mafuta ya mwili hukaribia kasoro 100, nyama ya ubongo ni kati ya 30 na 40, na damu iliyoganda karibuni huwa juu kidogo ya hapo, takriban 60 hadi 80. Mfupa mgumu unaweza kupita 1,000. Picha ya kawaida humwambia daktari kwamba hapa pana weusi na pale pana weupe. Mashine ya CT humwambia ni weupe wa kiasi gani.

Ni namba hizo zilizoifungulia mashine milango ya nje ya hospitali. Namba haijui kama inapima ubongo, kitambaa cha sanda au kilipuzi.

DAKIKA ZA KIHARUSI

Hospitalini, umuhimu wa tofauti hiyo ndogo kati ya 35 na 70 huonekana zaidi kwa mgonjwa wa kiharusi. Kiharusi ni cha aina mbili. Katika aina moja, donge la damu huziba mshipa na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Katika nyingine, mshipa hupasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo. Kwa jamaa aliye kando ya kitanda, dalili zinaweza kuwa zile zile: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama.

Tiba, hata hivyo, zinapingana. Mgonjwa wa aina ya kwanza anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutakiwa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Dawa hiyo hiyo ikipewa mgonjwa anayevuja damu, inaweza kumuua. Daktari hawezi kubahatisha. Uchunguzi wa CT wa kichwa huchukua dakika chache, na damu iliyovuja huonekana mara moja kama doa jeupe.

Hapa ndipo umbali unapokuwa sehemu ya ugonjwa. Saa nne na nusu ni muda mrefu kwa anayeishi mtaa mmoja na hospitali yenye mashine. Kwa aliye kijijini, anayetafutiwa gari usiku, kisha kufikishwa kwenye zahanati na kuandikiwa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, muda huo huisha njiani.

MIKOBANI NA MASANDUKUNI

Kilichoisukuma teknolojia hiyo kuingia katika usalama wa anga ni msiba. Mnamo Desemba 21, 1988, ndege ya shirika la Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 walikufa, wakiwemo 11 waliokuwa chini. Kilipuzi cha aina ya Semtex, chenye uzito wa chini ya nusu kilo, kilikuwa kimefichwa ndani ya redio ya kaseti katika sanduku la nguo.

Uchunguzi ulidhihirisha udhaifu wa picha za kivuli. Semtex hufinyangika kama udongo, na inaweza kutandazwa ikawa bapa. Katika picha ya kawaida, bapa hilo hulaliana na nyaya za redio, vitabu na viatu, na mkaguzi asione lolote la kutilia shaka. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuimarisha usalama wa usafiri wa anga, na utafiti wa vifaa vya kugundua vilipuzi ukapewa msukumo mpya.

Kampuni ya InVision, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1990, iliichukua kanuni ya hospitali na kuiundia mashine ya mizigo. Desemba 1994 mashine yake ya CTX 5000 ikawa ya kwanza kuidhinishwa na idara ya usafiri wa anga ya Marekani kuwa mtambo wa kugundua vilipuzi. Badala ya kutafuta umbo la bomu, ilipima uzito wa kila kitu kulingana na ukubwa wake na kulinganisha na uzito unaojulikana wa vilipuzi.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliagiza kwamba kila mzigo unaowekwa tumboni mwa ndege ukaguliwe iwapo una vilipuzi kufikia mwisho wa mwaka 2002. Mashine za CT zikaenea. Miaka ya karibuni zimeanza kutumiwa pia kwa mikoba ya mkononi. Kanuni ya kutobeba majimaji yanayozidi mililita 100, iliyoanza mwaka 2006 baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege, ilitokana na ugumu wa mashine za zamani kutofautisha maji na kemikali hatari. Mwaka 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham nchini Uingereza viliwaruhusu abiria kubeba chupa za hadi lita mbili kwa kuwa vilikuwa na mashine mpya.

Hata hivyo mashine hizo hukosea. Chokoleti, jibini na siagi ya karanga zina uzito unaokaribiana na wa baadhi ya vilipuzi, na zimewahi kuzusha king'ora mara nyingi. Ndiyo maana king'ora si hukumu. Mkaguzi aliyefunzwa huitazama picha, huizungusha, na akiendelea kuwa na shaka hulifungua sanduku.

Kwa Kenya, usalama na utalii ni sarafu moja yenye pande mbili. Mnamo Novemba 28, 2002, magaidi walishambulia hoteli ya Kikambala na kuirushia makombora ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka Mombasa, ambayo iliponea chupuchupu. Mei 2003 Uingereza ilisimamisha kwa muda safari za mashirika yake ya ndege kuja Kenya, na hoteli za pwani zikaumia. Ni kweli kwamba hakuna mashine ya mizigo ambayo ingezuia kombora. Lakini tukio hilo lilionyesha jinsi mtalii anavyokuwa mwepesi wa kubadili safari pindi anapotilia shaka usalama wake. Kinyume chake pia kilidhihirika. Kenya ilipotimiza masharti ya Marekani ya usimamizi wa safari za anga Februari 2017, pamoja na masharti ya ukaguzi wa abiria na mizigo, njia ilifunguka kwa safari ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 28, 2018.

MFALME ALIYESHUKIWA KUUAWA

Katika sekta ya turathi, mfano unaojulikana zaidi ni wa Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri ambaye kaburi lake liligunduliwa na Howard Carter mwaka 1922. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool waliipiga mumia yake picha ya eksirei na kuona vipande vya mfupa ndani ya fuvu. Kwa zaidi ya miaka 30, vitabu na filamu vilisimulia kwamba mfalme aliuawa kwa kupigwa kichwani.

Januari 5, 2005, kikundi kilichoongozwa na Zahi Hawass kiliitoa mumia hiyo kaburini na kuipitisha katika mashine ya CT iliyowekwa ndani ya gari. Katika muda wa robo saa hivi, picha zipatazo 1,700 zilipatikana. Ilibainika kuwa vipande vile vya mfupa vilivunjika baada ya kifo na kwamba hapakuwa na dalili ya pigo la kichwani. Mfalme alikufa akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Kikundi hicho kiliona pia mvunjiko juu ya goti la kushoto, ambao baadhi ya wataalamu waliuhusisha na kifo chake. Kivuli kilichokuwa kimezaa hadithi ya mauaji kilisahihishwa na matabaka.

Mumia ya Amenhotep wa Kwanza ilikuwa na tatizo tofauti. Vitambaa vyake vimepambwa kwa maua, na uso umefunikwa kwa kinyago kizuri mno, hivi kwamba wataalamu wa zama zetu hawakuthubutu kuifungua. Desemba 2021, Hawass na Sahar Saleem, profesa wa radiolojia wa Chuo Kikuu cha Cairo, walichapisha matokeo ya kuifungua kwa tarakilishi pekee. Walikadiria kuwa mfalme alikufa akiwa na umri wa miaka 35 hivi, na wakahesabu hirizi na mapambo 30 yaliyo mwilini mwake. Hakuna uzi uliokatwa.

Faida ya kazi hiyo kwa utalii ni ya namna mbili. Kwanza, turathi hailazimiki kuharibiwa ili ieleweke, na kwa hivyo hubaki kuwa kivutio kwa vizazi vijavyo. Pili, mgeni hupata cha kuona zaidi ya sanda. Mwaka 2014 Makavazi ya Uingereza jijini London yaliandaa maonyesho ya mumia nane, ambapo wageni walitazama katika skrini ngozi, mifupa na hirizi za watu waliolala mbele yao bila kufunguliwa. Aidha, fuvu lililopigwa picha za CT linaweza kuchapishwa upya kwa plastiki, likashikwa na mwanafunzi au kipofu, huku lenyewe likibaki salama kabatini.

KUTOKA TURKANA NA KILIFI

Kenya, yenye hazina kubwa ya masalia ya kale, imenufaika na uchunguzi wa namna hii. Mwaka 2014, huko Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana, John Ekusi aliona fuvu dogo lililokuwa likichomoza ardhini. Lilikuwa na ukubwa wa limau na umri wa miaka milioni 13. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mkenya Isaiah Nengo, aliyefariki mwaka 2022, kililipeleka Grenoble, Ufaransa, ambako kuna mtambo wa kutoa miale ya eksirei yenye nguvu nyingi kupita ya hospitali.

Ndani ya taya, picha zilionyesha meno ya ukubwani ambayo hayajachomoza. Meno huongeza tabaka jembamba siku baada ya siku, mfano wa mti na miduara yake ya kila mwaka. Kwa kuyahesabu matabaka hayo bila kulikata jino hata moja, watafiti waligundua kuwa sokwe huyo mchanga alikufa akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Alipewa jina la Alesi, na matokeo yakachapishwa Agosti 2017.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha zaidi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa nje walifikia mwaka 2017 shimo dogo lenye mifupa iliyooza kiasi cha kugeuka unga ilipoguswa. Wangeendelea kuchimba, wangepoteza kila kitu. Badala yake, walilifunga bonge zima la udongo kwa plasta na kulisafirisha: kwanza Nairobi, kisha Ujerumani na hatimaye mjini Burgos, Uhispania.

Huko, kwa kutumia mashine za CT zinazoona vitu vidogo mno, tabaka baada ya tabaka, ulijitokeza uti wa mgongo, kisha mbavu, kisha fuvu. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa ubavu na kukunjwa magoti kuelekea kifuani. Namna mifupa ilivyokaa ilidokeza kuwa alizungushiwa kitu mfano wa sanda, na kichwa chake kikaegemezwa juu ya mto. Watafiti walimwita Mtoto. Matokeo, yaliyochapishwa Mei 2021, yalimtaja kuwa maziko ya kale zaidi ya binadamu yanayojulikana barani Afrika: miaka 78,000.

Mashine ile ile inayomwonyesha daktari damu ndani ya fuvu ilionyesha huruma ya wazazi wa kale ndani ya bonge la udongo wa Kilifi.

MIPAKA YA MASHINE

Uwezo huo una gharama zake. CT hutumia mionzi mingi kuliko picha ya kawaida ya eksirei. Uchunguzi mmoja wa kichwa humpa mgonjwa takriban milisiveti mbili, kiasi kinachokaribia kile ambacho mwanadamu hupata kwa mwaka mzima kutoka kwa mazingira ya kawaida, ilhali picha moja ya kifua huwa chini ya milisiveti moja kwa mbali. Hatari kwa mtu mmoja ni ndogo, lakini ipo, na hasa kwa watoto. Ndiyo sababu daktari hatakiwi kuagiza uchunguzi huo pasipo haja. Nchini Kenya, matumizi ya mionzi husimamiwa na mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019. Mumia na sanduku la nguo hawana wasiwasi huo, na ndiyo maana watafiti wa turathi huweza kutumia miale mikali zaidi na kupata picha zenye undani mkubwa.

Kuna pia suala la msomaji. Uchunguzi mmoja hutoa mamia ya picha, na picha isiyosomwa haina faida. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya kisasa, vikiwemo vya upigaji picha, kwa ajili ya hospitali za kaunti. Mjadala uliofuata, ukiwemo ule wa kamati ya Seneti, uligusa pamoja na gharama suala la vifaa vilivyokaa bila kutumiwa katika baadhi ya hospitali kwa kukosa wataalamu, umeme au majengo yafaayo. Mashine inahitaji mafundi wa kuitunza, umeme usiokatika na mtaalamu wa radiolojia wa kuisoma.

Intaneti imepunguza sehemu ya tatizo hilo. Picha iliyopigwa katika mji mdogo inaweza kusomwa na mtaalamu aliye Nairobi au Mombasa, mradi mtandao uwe imara. Aidha, programu zinazojifunza kutoka kwa maelfu ya picha zimeanza kumsaidia msomaji. Februari 2018 Marekani iliidhinisha programu inayotazama picha za CT za ubongo na kumtumia daktari bingwa ujumbe inaposhuku kiharusi. Mbinu za jamaa hiyo zimewawezesha watafiti kusoma maneno katika makaratasi ya Herculaneum, Italia, yaliyoungua volkano ilipolipuka mwaka 79. Neno la kwanza kutambuliwa, Oktoba 2023, lilikuwa la Kigiriki lenye maana ya zambarau. Pande zote mbili, programu huonyesha mahali pa kutazama. Anayethibitisha ni binadamu.

Somo kwa wanaopanga utafiti ni kwamba hakuna aliyeweza kutabiri safari hiyo. Hesabu za Radon hazikuwa na mteja kwa miaka 50. Makala ya Cormack hayakupata wasomaji. Hounsfield alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya muziki. Lau kila mmoja angetakiwa kueleza mapema faida ya kazi yake kwa hospitali, makavazi au viwanja vya ndege, huenda asingeruhusiwa kuianza.

Kwa Wakenya, kuna tofauti moja ya kutiliwa maanani. Mtoto wa Panga ya Saidi alisafirishwa hadi Uhispania ili picha zake zisomwe, na baada ya kungoja miaka 78,000 hakupungukiwa na kitu kwa safari hiyo. Mgonjwa wa kiharusi wa Kilifi au Turkana ana saa nne na nusu.